Wanawake wa Petrovrisi na Friji Zao

Mwaka ule Kwaresima ilianza na theluji. Ilianza kuanguka jioni ya Jumatatu Safi, siku ya kwanza ya mfungo, wajukuu waliokuja kwa sikukuu wakiwa bado wanarusha tiara uwanjani, na kufikia Jumatano asubuhi barabara ya kupanda kijiji cha Petrovrisi ilikuwa imefunikwa hata nguzo za pembeni hazionekani.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu katika chumba cha huduma. Chumba chenyewe ni darasa la zamani. Watoto waliisha huku milimani, shule ikafungwa, halmashauri ikaweka humo meza, simu, na skrini moja kubwa pale ulipokuwa ubao. Kwenye skrini vimo vijiji vyetu vyote, na kila nyumba ya mzee anayeishi peke yake ni nukta. Ikiwa kijani, mzee yu salama. Ikiwa njano, mwangalie. Ikiwa nyekundu, nenda.

Nukta haijui mambo mengi. Inajua mlango wa nje umefunguliwa lini, friji imefunguliwa lini, na maji yamepita lini kwenye bomba la jikoni. Pia kila jikoni kuna kisanduku cheupe chenye spika. Mzee akikibonyeza ananiita mimi, nami naweza kuzungumza naye hata kama mikono yake iko kwenye unga. Ni hayo tu. Lakini kwa hayo machache kazi ya milimani ilibadilika. Zamani nesi alipanda Petrovrisi Jumanne, gari la chakula likapanda Jumanne, fundi wa umeme naye Jumanne, wakapishana wote kwenye kona moja wakipigiana honi, kisha wiki mbili asitokee mtu. Sasa nawaona wote mbele yangu: nesi yuko wapi, chakula kiko wapi, greda la theluji liko wapi, dawa ya nani imeshatoka duka la dawa. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa nilijikuta nimefanya ishara ya msalaba. Iordanis, mhandisi kijana kutoka mjini aliyetufungia mitambo, alidhani nimeogopa.

"Mtambo hauumi, Mama Vaia," alisema akicheka.

"Siogopi, mwanangu. Nashangaa tu kwamba jambo hili limewezekana, tena kwetu."

Jumatano ile, kati ya nukta zote, moyo wangu ulikuwa kwenye moja: ya shangazi Lambrini wa Petrovrisi. Shangazi Lambrini amepita miaka themanini na ana kisukari. Kila asubuhi humeza vidonge, na vidonge hivyo visipokuta chakula tumboni hushusha sukari mpaka mtu anazimia, na asipopata msaada haamki tena. Na siku zenyewe zilikuwa ndizo zile siku tatu. Huku kwetu, tangu Jumatatu Safi mpaka Jumatano alasiri, wanawake wazee hawatii kitu kinywani, hata maji, mpaka wapokee Komunyo kwenye ibada ya Jumatano. Hakuna anayewalazimisha. Waliwaona mama zao wakifanya hivyo, nao wakafanya.

Padri Thimios alikuwa amemkataza. Ilikuwa Jumapili ya Msamaha, kanisani, watu wakiinamiana na kuombana radhi, nami nilikuwa kwenye foleni nyuma ya shangazi Lambrini.

"Lambrini, wewe hufungi siku tatu," padri alimwambia. "Utakula, utakunywa dawa. Mfungo wako wewe ni utii."

"Ndiyo, padri."

"Umenisikia?"

"Nina kisukari, padri. Masikio ni mazima."

Watu walicheka, naye akambusu padri mkono. Alikubali upesi mno. Mtu aliyemjua angeshuku pale.

Sasa nieleze kidogo habari ya mwaka uliotangulia, kwa maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza na mitambo. Jumanne ya wiki ile ya kwanza ya Kwaresima, nukta za Petrovrisi ziligeuka nyekundu zote, kisha za kijiji cha pili, kisha za cha tatu. Iordanis alinipigia simu sauti ikimtetemeka.

"Mama Vaia, kuna nini huko? Sumu kwenye maji?"

"Wako kwenye mfungo, mwanangu."

"Wote?"

"Wote wenye meno. Na wasio na meno ndio zaidi."

Lakini utaratibu wa kazi ni kwamba nyekundu lazima iulizwe. Tukampigia kila mmoja: shangazi, hujafungua friji tangu juzi, je, umefunga au unaumwa? Sikuwahi kuona hasira kama zile. Mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake. Mtu anayefunga ananawa uso, anachana nywele, anatoka nje kama aliyetoka mezani. Na sisi tuliwauliza kwenye spika, jirani wakisikia. Shangazi Poliksene, mjane anayekaa chini kidogo ya nyumba ya Lambrini, alipanda basi akaja mpaka ofisini na kijifimbo chake.

"Vaia! Mfungo wangu umetangazwa halmashauri kama tenda ya barabara!"

Niliomba radhi. Iordanis naye aliomba radhi. Ndiyo maana mwaka huu nilijiandaa. Nilikuwa nimeamua kwamba nyekundu zikija nitampigia mmoja mmoja kwa upole, nizungumzie hali ya hewa, nisikilize pumzi yake, niseme kwaheri.

Nyekundu hazikuja. Jumatatu kijani, Jumanne kijani, Jumatano asubuhi kijani kote. Nikafikiri, wamechoka, umri umewapata. Nilipaswa kufurahi, lakini nilihisi upweke kidogo, kama vile taa imezimwa katika nyumba niliyozoea kuiona ikiwaka.

Ndipo Iordanis akapiga.

"Mama Vaia, una nafasi? Kuna kitu Petrovrisi sikielewi. Si kibaya. Ni cha ajabu tu."

"Sema."

"Friji zao. Zinafunguliwa na kufungwa papo hapo. Mimi nikitafuta jibini nasimama na mlango wazi mpaka mke wangu apige kelele. Hawa hata kijiko hujakichukua, imeshafungwa."

"Na maji?"

"Vilevile. Yanatoka, yanakatwa. Hayajazi kikombe. Halafu angalia wakati. Wanafungua wote pamoja. Asubuhi, mchana, jioni. Kijiji kizima, kama wanaimba."

"Ni kengele," nilisema.

"Kengele gani?"

"Ya kanisa. Inajipiga yenyewe kwa umeme asubuhi, mchana na jioni."

Nilipolisema hilo nililielewa. Niliwaona akilini wanawake wale. Niliona mwanamke wa miaka themanini ambaye hajatia tone la maji kinywani tangu Jumapili usiku. Kengele inalia. Anainuka kwenye kiti polepole, anashika meza, anafika kwenye friji, anaifungua, anaiona sahani ya zeituni, anaifunga. Kisha anakwenda kwenye bomba. Anafungua maji, yanatiririka mbele ya macho yake na sauti yake ile, na midomo yake imekauka imepasuka. Anayaangalia. Anayafunga bila kulowesha hata kidole. Kisha anarudi kwenye kiti. Na nyumba ya pili hivyohivyo, na ya tatu, kijiji kizima, mara tatu kwa siku.

"Mama Vaia? Upo?"

"Nipo."

"Unalia?"

"Wanatudanganya, mwanangu. Wamefunga."

"Sasa friji wanafungulia nini?"

"Ili tusijue."

"Hata maji?" aliuliza.

"Hata maji."

Iordanis si mtu wa kanisa, mwenyewe husema hivyo bila kuona haya. Lakini nilimsikia akisema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia chumbani bila kupiga hodi akakuta watu wamepiga magoti.

Kisha jina la Lambrini likanijia, na ule uzuri wote ukageuka hofu.

"Iordanis, nifungulie mstari wa Lambrini."

"Ni kama wengine. Jumatatu, sawa. Jumanne asubuhi, mchana, jioni. Anafungua, anafunga."

"Na leo asubuhi?"

Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi. "Leo hakufungua."

"Mbona ni kijani?"

"Mtambo unampa mzee usiku mzima na nusu ya siku kabla ya kugeuka njano. Tuliweka hivyo kwa sababu wengine wanachelewa kuamka. Mama Vaia, wengine wote leo wamefungua. Yeye peke yake hakufungua."

Nilibonyeza kisanduku chake. "Shangazi Lambrini? Ni Vaia. Shangazi?"

Redio ilikuwa imewashwa jikoni kwake, ibada ikisomwa kutoka mjini. Chini ya sauti ya msomaji nilisikia kitu kingine. Ilikuwa pumzi, nzito, yenye mkoromo, kama ya mtu aliyelala usingizi mbaya. Niliita tena na tena. Pumzi haikubadilika.

Nesi Stamatia alikuwa ndani ya greda la theluji pamoja na dereva Zisis. Walikuwa wametoka kumpelekea mzee mmoja mtungi wa oksijeni kijiji cha ng'ambo. Niliwaona kwenye skrini wakirudi polepole bondeni. Niliwapigia, nikamwekea Stamatia ile sauti ya jikoni aisikie.

Hakuchukua muda. "Ameshuka sukari. Vidonge amemeza, huyo vidonge hasahau. Anachosahau ni kula."

"Hakusahau. Amefunga kwa siri."

"Ah, Lambrini, Lambrini!"

"Mtafika lini?"

Zisis ndiye aliyejibu, akipiga kelele juu ya injini. "Kwa barabara hii, Mama Vaia? Si chini ya saa mbili, na hapo malaika wakisukuma nyuma!"

"Hana saa mbili," Stamatia alisema. "Vaia, anahitaji sukari mdomoni sasa. Nani yuko karibu naye?"

Niliwageuzia njia pale pale kwenye skrini: Petrovrisi kwanza, vingine baadaye. Nikaita gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya, nikalipangia lifuate nyuma ya greda. Nikampigia Padri Thimios kwa sababu alikuwa bondeni, theluji imemzuia, na wanawake wale walikuwa wakimngojea yeye. Aliniuliza neno moja tu: "Greda linapita wapi? Nitasimama hapo." Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kuyasimulia. Miaka ya nyuma ningekuwa bado namtafuta nesi yuko kijiji gani.

Kisha nikabonyeza kisanduku cha shangazi Poliksene.

"Shangazi Poliksene?"

"Nani? Ah, halmashauri. Nimekula maharage, nimeshiba, asante."

"Shangazi, siulizi..."

"Na zeituni."

"Shangazi! Lambrini ameanguka."

"Lambrini anakula. Padri alimwamuru mbele ya watu."

"Hakula. Alikuwa anafungua friji kama ninyi. Namsikia anakoroma sakafuni."

Alipojibu, ule ukali wote ulikuwa umemwishia.

"Ni mimi niliyewafundisha, Vaia. Habari ya friji."

"Hayo baadaye. Unaweza kumfikia? Anahitaji asali au sukari."

"Theluji imefika kiunoni hapa mlangoni, mwanangu. Na miguu yangu leo ni ya karatasi." Nilimsikia akivuta kiti. "Haya. Natoka. Viatu viko wapi... Natoka."

Mwanamke mmoja wa miaka themanini na mbili hawezi kuchimba njia peke yake. Hilo nililijua. Nilimwomba Iordanis anifungulie visanduku vyote vya Petrovrisi kwa pamoja.

"Hiyo ni ya moto na tetemeko la ardhi tu," alisema.

"Basi jana usiku kulikuwa na tetemeko, wewe hukulisikia."

Hakubishana. Taa ndogo ikawaka mezani pangu, nikajua nazungumza ndani ya kila jikoni ya kijiji kile.

"Shangazi zangu, mimi ni Vaia wa halmashauri. Siulizi nani amekula na nani hajala. Lambrini ameanguka ndani ya nyumba yake, sukari imemwisha. Poliksene ameshatoka kwenda kwake, na theluji imemzidi. Mwenye koleo atoke na koleo. Mwenye asali atoke na asali."

Nilizima. Sikujua kama wamesikia. Sikujua kama wanaweza kusimama. Ilikuwa siku yao ya tatu bila maji.

Kisha kwenye skrini mlango ukafunguka. Ulikuwa wa Aristea, wa pili kutoka kanisani. Halafu mlango wa jirani yake. Halafu miwili pamoja, kule chini kwenye chemchemi. Halafu wa Kseni, ambaye majira yote ya baridi hatoki nje kwa ajili ya nyonga. Alama zile ndogo za mlango ziliwaka moja baada ya nyingine kuufuata uchochoro kwenda juu, kama usiku wa Pasaka mwali unapotoka kwenye mshumaa mmoja ukaenda kwenye wa pili, na wa tatu, mpaka uwanja wote uwe umewaka. Sikuona theluji wala koleo. Sikuona uso wa mtu. Niliona milango tu.

"Mama Vaia," Iordanis alisema kwenye simu, "wanatoka wote."

"Naona."

"Hata yule wa nyonga."

"Naona, mwanangu."

Niligundua kwamba nimesimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nilisimama kama tunavyosimama Injili inaposomwa, na nadhani na yeye huko mjini alikuwa amesimama, kwa maana sauti yake ilitoka mahali pa juu zaidi.

Baada ya hapo skrini haikuniambia kitu. Milango yote ilikuwa imefunguka isipokuwa ule mmoja. Jikoni kwa Lambrini msomaji wa redio alikuwa anaendelea na Zaburi, na ile pumzi ilikuwa imeanza kuacha nafasi katikati. Inakuja, inakatika, nangoja, inakuja tena. Niliomba. Sikuwa na sala ndefu. Bwana, uwape miguu, Bwana, umwachie pumzi. Nililirudia hilo mpaka likawa linakwenda pamoja na pumzi yake, na ilipokatika nami nilikatika.

Mlango wa Lambrini ukawaka.

Spika ikajaa watu. Mihemo, kishindo cha viatu, koleo likianguka sakafuni.

"Yuko huku, jikoni!"

"Mama wa Mungu, Lambrini!"

"Zima hiyo redio, hatusikilizani!"

"Usizime, ni Zaburi!"

"Zima!"

Nilimuunganisha Stamatia kutoka kwenye greda. "Nisikilizeni! Mlazeni ubavu. Msimnyweshe kitu, atapaliwa. Asali kwenye kidole, mpake ndani ya shavu na kwenye ufizi. Kidogo kidogo. Nani ana asali?"

"Mimi," alisema Aristea.

"Ya Aristea ina maji," alisema Poliksene akihema. "Chukueni yangu."

"Asali yangu ina maji? Asali ya ndugu yangu?"

"Yoyote!" Stamatia alipiga kelele mpaka spika ikakwaruza. "Shangazi zangu, asali yoyote!"

Nilisikia mfuniko wa chupa ukifunguliwa. Kisha sauti ya Kseni, taratibu: "Poliksene, usilambe kidole."

"Nani analamba? Nina wazimu?"

Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza. Stamatia aliuliza kila mara, anameza? bado, rangi yake? nyeupe, pakeni tena. Walipaka tena. Mmoja wao alikuwa anamsugua miguu, nilisikia sauti ya soksi za sufu. Muda ulipita ambao sitaki kuukumbuka.

"Ni nini hiki?"

Sauti ilikuwa nzito, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Ni asali," Poliksene alisema. Alikuwa analia.

"Nimefunga mimi."

"Ulikuwa umefunga. Sasa una asali."

"Nani amenivunjia?"

"Mimi. Na usiponyamaza nitakuvunjia na mkate."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha makoo makavu, kama majani yanavyokanyagwa. Stamatia aliwaambia wampe maji ya sukari sasa kwa kuwa anameza, kisha mkate. Wakafungua friji kumtafutia chakula, na ndani yake wakakuta vibakuli vya maharage yanayogawiwa na halmashauri, vyote vimefungwa kama Zisis alivyovileta na gari la chakula kabla ya theluji. Wote walikuwa na vibakuli kama hivyo nyumbani.

"Na ninyi wengine kunyweni maji," Stamatia alisema. "Mmechimba theluji, mtaniangukia hapo mmoja mmoja."

"Tutakunywa padri akifika," alisema Aristea.

"Padri yuko hapa kando yangu, hata yeye hajui atafika lini!"

"Basi mwambie Zisis akanyage."

Zisis alikanyaga. Greda lilifika likiwa limefungua njia pana nyuma yake. Nilisikia breki, mlango, na Padri Thimios akikung'uta viatu kizingitini. Kabla hajasema lolote, Lambrini alimuwahi.

"Padri, nilivunja utii."

"Tutazungumza siku nyingine. Umekula?"

"Wamenilisha kama bata wa Krismasi."

"Vizuri."

Stamatia alimpima. Alisoma sukari kwa sauti ili mimi nisikie, ikawa imepanda inavyopaswa. "Ataishi," alisema, na ndipo niliporudi kukaa kwenye kiti.

Kanisa lilikuwa limezibwa na theluji mlangoni, na wanawake wale wasingeweza kuchimba tena. Padri akasema, tutasali hapa. Akaweka juu ya meza ya jikoni chombo cha Komunyo alichokibeba kifuani tangu bondeni. Ningeweza kuzima spika, na labda ilinipasa. Iordanis alikuwa bado kwenye simu. Hakuniambia nizime, nami sikuzima. Waliimba kwa sauti zilizokauka kabisa, maneno mengine hayakutoka, mmoja akiishiwa mwingine akayashika. Nimeimba nyimbo hizo tangu utotoni. Siku ile nilizisikia kana kwamba zimetungwa asubuhi hiyo.

Walikomunika mmoja mmoja, na Lambrini pia.

"Mimi nimekula asali, padri."

"Wewe ni mgonjwa. Fungua kinywa."

Kisha mtu akafungua bomba. Kwenye skrini maji ya nyumba ya Lambrini yalianza kupita, yakapita, yakaendelea kupita, mstari ukapanda kuliko nilivyowahi kuuona. Nilisikia bilauri zikigongana. Walikuwa wanakunywa.

"Mama Vaia," Iordanis alisema polepole. "Mwakani nifanyeje na mtambo huu wiki hii?"

"Sijui. Twende Petrovrisi tukawaulize wao."

"Na mimi?"

"Na wewe. Watakulisha mpaka ujute."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika kona ya mwisho, nikiliona likipanda. Lambrini alipaswa kulala hospitali usiku ule aangaliwe. Walianza kumfunga shuka na makoti. Alilalamika kwamba koti la Kseni linanuka mbuzi. Halafu, katikati ya kelele zao, akaita.

"Vaia? Bado umo humo ndani ya kisanduku?"

"Nipo, shangazi."

"Uko peke yako huko?"

Nilitazama darasa tupu, meza, skrini yenye vijiji vyetu vyote. "Hapana," nilisema.

"Vizuri. Basi usikate mpaka nitoke."

Sikukata. Niliwasikiliza wakimwinua, wakielekezana, shika hapa, angalia kizingiti, polepole na kichwa chake, mpaka sauti zao zikatoka nje kwenye theluji.